Diski ina nafasi tele lakini inasema imejaa: xattr na makosa yake yanayochanganya

Swali:

"Habari mtaalamu. Kituo chetu kinatunza mahojiano ya wazee yaliyorekodiwa kwenye kaseti zamani, tukayaingiza kwenye kompyuta. Mwenzetu mmoja aliandika skripti ya Python ambayo inachukua maandishi yote ya mahojiano na kuyaweka ndani ya faili la sauti lenyewe kwa njia ya xattr, jina lake user.transkripti, ili faili likihama lihame na maneno yake. Kwenye seva yenye XFS imekuwa poa miaka yote, ila mafaili machache marefu yaligoma yakasema Argument list too long. Sasa tumenunua diski ya nje, tumeifomati ext4, tukaanza kukopi kwa rsync -aX, inamwaga No space left on device (28) mistari kibao wakati df inaonyesha zaidi ya terabaiti moja iko wazi. Laptopu yangu yenye Btrfs mengine inakubali, mengine inakataa kwa maneno hayo hayo ya nafasi. Flashi ya exFAT yenyewe inasema Operation not supported. Je tumeuziwa diski feki? Na kwanini tatizo moja linakuja na majina tofauti kila mahali, programu yangu iamini lipi?"

Jibu:

Mkuu, niseme mapema ili usiirudishe diski dukani bure: kwa maelezo haya sioni dalili ya diski feki. Diski feki huwa inakubali kila kitu kwa tabasamu alafu baadaye unakuta mafaili ni takataka, hiyo yako inakataa mapema na inakataa kitu kilekile kila mara, tabia hiyo ni ya mfumo wa faili (namna diski inavyopangwa kutunza mafaili, yaani XFS, ext4, Btrfs au exFAT) sio ya chuma. Ulichokutana nacho ni vikomo vya xattr (extended attributes, maelezo ya ziada yanayobandikwa kwenye faili), na vikomo hivyo kila mfumo wa faili umejiwekea vyake, alafu kila mmoja unavitangaza kwa namna yake.

Kwanza nirekebishe kitu kimoja kwenye swali lako maana ndo mzizi wa mambo mengine yote. Xattr haikai ndani ya faili la sauti. Ukilifungua hilo faili la WAV baiti kwa baiti hutaona hata neno moja la mzee. Inakaa pembeni, kwenye kumbukumbu ambazo mfumo wa faili unazitunza kuhusu faili, kule kule kunakoandikwa mwenye faili ni nani na lilibadilishwa lini. Faili ni gunia, xattr ni lebo iliyoshonwa mdomoni mwa gunia, ghala linaweza kuwa tupu kabisa lakini lebo ikiisha nafasi ya kuandika ndo imeisha hivyo. Kwahiyo df inakuambia habari za ghala, kosa namba 28 linakuambia habari za lebo, na wote wawili wanasema kweli.

Sasa ext4 lebo yake ni ndogo sana. Faili linapata nafasi kidogo ndani ya inodi yake (rekodi ya mfumo wa faili kuhusu faili hilo), kwa inodi ya kawaida ya baiti 256 inabaki chini ya baiti 100 kwa ajili ya xattr, na zikizidi hapo linapewa bloku moja tu ya nje. Moja. Bloku ya ext4 kwa kawaida ni baiti 4,096, na humo lazima viingie majina na thamani za xattr zote za faili hilo kwa pamoja, ukitoa kichwa cha bloku na maelezo ya kila kipengele unabaki na kama baiti 4,000 hivi. Hiyo ni kurasa mbili za maandishi hata hazifiki vizuri, mahojiano ya saa nzima yataingia wapi? Na kumbuka humo humo ndo zinakaa ACL (orodha za ruhusa za faili) na lebo za usalama za SELinux kama unazitumia, kwahiyo faili lenye ACL ndefu linabakiwa na nafasi ndogo zaidi ya jirani yake, ndo maana unaweza kuona maandishi ya urefu uleule yanaingia kwenye faili hili yanagoma kwenye lile. Hata setfacl yenyewe, amri ya kuweka ACL, inaweza kukuambia No space left on device kwa sababu hii hii, na watu wanahangaika kufuta mafaili wakidhani diski imejaa.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, nenda kwenye hiyo diski tengeneza faili tupu linaitwa jaribio.txt alafu piga:

setfattr -n user.jaribio -v "$(head -c 5000 /dev/zero | tr '\0' a)" jaribio.txt

Itagoma na kusema hakuna nafasi. Badilisha 5000 iwe 3000, itapita kimya. Piga amri ileile ya 5000 kwenye seva ya XFS, itapita. Diski haijaguswa, kilichobadilika ni mfumo wa faili tu.

Btrfs lebo yake ni kubwa kidogo: kila xattr moja, jina na thamani na gharama zake ndogo ndogo, lazima itoshe kwenye nodi moja, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 16. Ila idadi ya xattr haibani kama ext4. Ndo maana laptopu yako inakubali mahojiano mafupi na ya kati inakataa marefu, na ikikataa inatumia kosa lilelile la ext4, namba 28, ambalo jina lake ni ENOSPC. XFS ndo mkarimu kuliko wote uliowataja, inapokea thamani mpaka kilobaiti 64 na idadi haina kikomo cha kukusumbua. Hiyo 64 sio kikomo cha XFS peke yake, ni cha kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux nzima, baiti 65,536 kwa thamani moja, na jina lisizidi baiti 255.

Hapo ndo inapotoka ile Argument list too long. Jina lake ni E2BIG, namba 7, kerneli inairudisha kabla hata XFS haijaulizwa, kwa sababu thamani imezidi 65,536. Maneno yake yanapotosha, maana wengi tunayajua kutoka kwenye shell pale unapoandika rm * kwenye folda lenye mafaili lukuki. Ukitumia setfattr kwa mkono angalia nani anaongea: mstari ukianza na bash: basi amri yenyewe ni ndefu mno na setfattr haijaanza kabisa, ukianza na setfattr: ikifuatiwa na jina la faili basi ni xattr ndo imezidi. Kosa lenye namba moja, ugonjwa tofauti kabisa.

Kuna ERANGE pia, 34, hujakutana nayo ila itakuja. Ukiandika maana yake ni jina refu kupita kiasi, na kwenye baadhi ya mifumo hata thamani kubwa. Ukisoma maana yake ni nyingine, kwamba chombo ulicholeta cha kupokelea ni kidogo kuliko thamani, leta kikubwa urudie. Na ujumbe wake kwenye skrini ni Numerical result out of range, kana kwamba ulikuwa unapiga hesabu. EDQUOT, 122, ni mgao wako wa diski umeisha, hii angalau inasema inachomaanisha. Na ile ya exFAT, EOPNOTSUPP, 95, inasema hapa hamna xattr kabisa. Ukihamia Mac namba nyingine zinabadilika, kwa mfano xattr isiyokuwepo kwa Linux ni ENODATA 61 wakati Mac ni ENOATTR 93, kwahiyo kwenye programu usiandike namba, andika jina kutoka moduli ya errno.

Umeuliza kwanini wasikubaliane. Jibu fupi ni kwamba hamna aliyewahi kuwalazimisha. Xattr haimo kwenye POSIX, kile kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, tofauti na amri za open na write ambazo zimeandikiwa kila kosa na maana yake. XFS ilitokea kwenye mfumo wa IRIX wa kampuni ya SGI, JFS (mfumo mwingine wa faili) ilitokea IBM, familia ya ext ilikulia humo humo Linux, kila mtu alikuja na desturi za kwao. NFS, njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, nayo ilipokuja kuongezewa xattr kwenye toleo 4.2, kwa RFC 8276 ya mwaka 2017, ikatunga kosa lake jipya la thamani kubwa mno, NFS4ERR_XATTR2BIG, ambalo mteja wa Linux analitafsiri kuwa E2BIG. Kwahiyo seva inaongea lugha yake, mteja anatafsiri, na programu yako inapokea tafsiri. Hata jaribio la generic/020 kwenye xfstests, ambalo watengenezaji wenyewe wanalitumia kupima xattr, limeandikwa na vikomo tofauti kwa kila mfumo wa faili. Kama wao wanahitaji orodha hiyo usijione mjinga.

Kwa maoni yangu mimi mpangilio mzuri ungekuwa hivi: thamani ambayo haiwezi kamwe kutosha hapa irudishe E2BIG, na ENOSPC ibaki kwa nafasi ambayo ilikuwepo ikaisha. F2FS, ile ya simu nyingi za Android, inafanya hilo la kwanza, thamani ikizidi uwezo wake inasema E2BIG. Ext4 na Btrfs zinachanganya vyote kwenye ENOSPC, na hilo ni baya kwa mtumiaji kwa sababu moja, ENOSPC inakufanya uende kusafisha diski, kazi ambayo hapa haitasaidia hata ukifuta kila kitu. Lakini usitegemee watalibadilisha kesho. Kuna programu kibao huko nje zimeshaandikwa zikitegemea tabia ya sasa, na watu wa kerneli wanachukia sana kuvunja programu za watu.

Sasa programu yako. Wengi wanachofanya wakishajua haya wanaandika if ndefu, kama ni ext4 na ni 28 basi hivi, kama ni Btrfs basi vile, alafu wanaongeza statvfs kuangalia kama diski imejaa kweli. Mimi nisingeenda huko. Statvfs kwa Btrfs inaonyesha inodi sifuri siku zote maana Btrfs haina hesabu ya inodi iliyopangwa kabla, ukiamini hiyo programu itasema diski imejaa milele. Na mfumo wa faili chini ya NFS huwezi kuujua vizuri. Fanya hivi badala yake: chukua ENOSPC, E2BIG, ERANGE, EDQUOT na EOPNOTSUPP zote uziweke kapu moja lenye maana "xattr haikuingia hapa", na ukipata lolote kati ya hayo andika maandishi yaleyale kwenye faili la kawaida pembeni, mfano mahojiano_014.wav na mahojiano_014.wav.txt. Ikikubali kazi imeisha na huna haja ya kujua kosa lilikuwa lipi. Ikikataa kwa ENOSPC sasa ndo unajua diski imejaa kweli, ikikataa kwa EDQUOT ni mgao. Yaani njia ya akiba ndo kipimo chenyewe. Nje ya kapu hilo, hasa EIO (diski kushindwa kusoma au kuandika), EACCES na EPERM (huna ruhusa) na EROFS (diski ni ya kusoma tu), usimeze, simamisha kazi upige kelele.

Hilo faili la pembeni liandike kwa jina la muda kwanza, fanya os.fsync (data ifike diskini kweli), alafu os.replace (kulipa jina la kudumu), umeme ukikatika katikati usibaki na nusu ya mzee. Na ukipima urefu pima baiti baada ya encode (kugeuza maandishi kuwa baiti), usipime herufi. Kiswahili kingi ni baiti moja kwa herufi, lakini ng’ombe ikiandikwa kwa ile alama iliyopinda ambayo simu na programu za ofisi zinaiweka zenyewe, alama hiyo peke yake inakula baiti 3, na majina mliyoyaandika kwa herufi za Kiarabu ni baiti 2 kila herufi. Nakala ya herufi 4,000 inaweza kuwa baiti 4,300 bila mtu kugusa kitu.

Kabla ya yote hayo kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi kuliko namba za makosa, nalo ni yale mafaili ambayo hayakulalamika. Rsync ikishindwa kuweka xattr inaandika lile kosa alafu inaendelea, faili la sauti linafika salama bila maneno yake, mwisho inatoka na kodi (exit code) 23. Skripti isiyoangalia kodi ya kutoka itasema bakapu imekamilika. Cp -a ni mbaya zaidi, mwongozo wake wenyewe unasema itajaribu kuhifadhi xattr na ikishindwa itanyamaza, hamna ujumbe, hamna kodi. Ukitaka ilalamike taja wazi --preserve=xattr. Tar bila --xattrs haibebi. Zip haibebi, imeli haibebi, WhatsApp ndo kabisa. Python nayo, shutil.copy2 kwenye Linux inakopi xattr, ila ikikutana na "haiungwi mkono" inaipotezea kimya kimya, kwahiyo kwenda kwenye ile flashi ingepita bila neno wakati kwenda ext4 ingeanguka kwa ENOSPC. Kwahiyo kama kuna mtu hapo kituoni aliwahi kukopi mafaili kwa njia hizo na kuyafuta kwenye seva, nenda kaangalie leo.

Kuangalia ni rahisi. Ingia kwenye folda la seva piga:

getfattr -R -n user.transkripti --only-values . | wc -c

Alafu ingia folda lilelile kwenye diski ya nje upige amri ileile. Hizo ni jumla ya baiti za maandishi yote, pande mbili zikitofautiana kuna maneno yamebaki njiani. Na yale mafaili machache marefu yaliyogoma kwenye XFS hayana transkripti hata upande wa seva, getfattr itayataja kwa No such attribute, hayo maandishi yake yatafute kwa mwenzenu aliyeyachapa. Ukitaka kujua faili gani linazidi nini, endesha rsync chini ya strace, amri inayoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli: strace -f -e trace=lsetxattr,setxattr,fsetxattr, utaona jina la faili, jina la xattr, ukubwa wa thamani labda 18342, na mwisho = -1 ENOSPC. Ukubwa huo peke yake unakuambia yote, huo ni mkubwa kwa ext4, ni mkubwa kwa Btrfs, ni sawa kwa XFS.

Mtego mwingine wa XFS nautaja haraka: unaweza kuweka xattr nyingi hadi majina yake yakijumlishwa yanazidi baiti 65,536, kuweka kunakubali, lakini siku ya kuorodhesha unapata E2BIG na bakapu haioni hata moja. Nyinyi mna jina moja tu, haliwahusu, ila mwenzenu asije akapata wazo la kukata maandishi vipande elfu na kila kipande na jina lake.

Njia za kutokea zipo kadhaa. Rahisi kabisa ni kuifomati hiyo diski ya nje upya kwa XFS, itapokea kila kilichopo kwenye seva, na kama haja ni bakapu ya haraka wiki hii fanya hivyo. Ukitaka kubaki ext4 kuna mkfs.ext4 -O ea_inode, kipengele kilichoingia kerneli 4.13 mwaka 2017, thamani kubwa inapewa inodi yake na kikomo kinapanda, ila kompyuta yenye kerneli ya zamani haitaipachika diski hiyo kabisa, na kwa diski ya kutembea nayo hilo ni tatizo. Kuingiza maandishi ndani ya faili la sauti kwelikweli, ile mliyodhani mnafanya, inawezekana mkihamia FLAC, bloku yake ya maelezo inapokea mpaka megabaiti 16, lakini kila ukisahihisha neno moja faili zima linabadilika na sha256 (alama ya utambulisho wa yaliyomo kwenye faili) mliyoitunza haifanani tena. Kwa hifadhi ya sauti za watu ambao wengine wameshafariki mimi nisingependa faili la sauti liguswe kila mara.

Ninachowashauri ni mafaili ya maandishi ya kawaida pembeni ya sauti, na ndani ya xattr mbaki na vitu vifupi tu, kitambulisho cha mahojiano na sha256 ya lile faili la maandishi, vyote havifiki baiti 200. Vikipotea njiani mnavijenga upya kwa dakika chache. Najua mwenzenu alitaka kimoja kisiachane na kingine, na wazo lake halikuwa baya, ila lilitegemea kila diski duniani iwe XFS.

Mtu wa kuja kuishika mashine kwa mkono mtafuteni kukiwa na mambo haya: dmesg (kumbukumbu za kerneli) inaonyesha I/O error kwenye diski hiyo, au kosa linalokuja ni Input/output error, au jaribio lile la baiti 3000 linagoma kwenye faili tupu lisilo na ACL, au faili mlilolikopi likisomwa upya lina sha256 tofauti. Hapo sio xattr tena, chomoa diski usiendelee kuandika wala usikimbilie fsck (amri ya kukarabati mfumo wa faili), ipelekeni kwa fundi wa kuokoa data. Na seva msiifute wala kuifomati mpaka zile baiti za pande mbili zilingane.